Nondo wa Kijani na Njuga za Jirani

Mwishoni mwa miaka ya arobaini nilikuwa kibarua wa kukamata mbung'o katika kambi ya kufyeka pori, njia ya Runzewe. Kusoma nilijifundisha mwenyewe, kwa kunakili maandishi ya maboksi ya sabuni, hivyo niliamini herufi moja iliyopinda ingenirudisha kwenye jembe.

Asubuhi moja nilimkuta ukutani nondo wa kijani, mpana kama kiganja, mwenye mikia miwili mirefu. Mzungu mkaguzi wetu wa wadudu akasema: atakayemletea hatua zote za maisha ya nondo huyu, yai, kiwavi, kifuko na nondo, atakuwa karani wake. Nikakosa hamu ya kula.

Nondo naye hakula. Nilimpa asali, maji ya sukari, majani ya miti kumi na mmoja. Siku ya tatu niliazima kioo cha kukuzia, nikaona hana mdomo. Sijaona mtumishi wa serikali aliyeifaa kazi kumzidi.

Alitaga, akafa. Mayai yakaanguliwa, viwavi wakachagua majani ya mng'ong'o, wakanenepa, nami nikayaosha majani kwa sabuni kila siku ili wale kilicho safi. Wakafa wote, safi kabisa.

Kikabaki kifuko tu cha kutafuta. Wiki mbili nilipanda juu ya ming'ong'o ya pori, kila mmoja nikiutia namba kwa chokaa. Siku moja kabla ya ukaguzi nilimpita jirani yangu, mchunga ng'ombe, akifanya mazoezi ya ngoma. Miguuni alikuwa na njuga za vifuko vya rangi ya fedha, vimetiwa changarawe na kushonwa kwenye ngozi.

"Karani," aliniita kwa cheo nilichokuwa bado kukipata, "unatafuta nini juu ya miti? Nondo akishatoka, sisi tunaokota. Babu zetu walivicheza hivi."

Nikamwomba kimoja.

"Anayevaa ndiye anayecheza."

Nikazivaa, nikacheza mbele ya kambi nzima, nikihesabu hatua kwa sauti. Wanawake walikaa chini kwa kucheka. Kifuko nikakipata.

Fomu ya mkaguzi iliuliza: mahali kilipopatikana. Sikuthubutu kukosea. Nikaandika kwa mwandiko wangu bora: "Kifundo cha mguu wa kushoto wa jirani."

Mkaguzi alisoma, akakata mstari, akaandika "Msituni." Kisha akanipa ukarani, kwa kuwa, alisema, mimi ni mtu wa kweli.

Fomu ile iliyokatwa ilinisumbua mwaka mzima. Haikuwa nadhifu.