Hotuba Niliyoisoma kwa Sauti ya Maulidi

Kabla sijajua kusoma, niliijua sauti ya wanawake wakisoma maulidi. Ilikuwa ikitoka juu darini kwa jirani, ikashuka ngazi za mbao, ikatoka njiani na kuingia kwetu bila ya hodi, na ilikuja na harufu ya udi na ya marashi yaliyonyunyizwa kupita kiasi. Njia yetu ya Mji Mkongwe ni nyembamba, ukipiga chafya dirishani, nyumba ya pili wanakuombea rehema. Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi, ukiingia, kila alasiri kulikuwa na nyumba inayosoma, na sisi wasichana wa chuoni, chuo cha Kurani, tulipangwa mistari kwa mitandio yetu myeupe, tukafundishwa wapi pa kuishusha sauti, wapi pa kuivuta, na wapi pa kuipandisha mpaka kila aliyekaa anainuka kwa heshima ya Mtume. Hapo panaitwa kisimamo, na hata bibi kizee mwenye magoti mabovu hapo hakai. Mimi nilikuwa na sauti. Nasema bila ya kujificha, maana kujificha tumejificha vya kutosha katika nyumba ile. Nilikuwa na sauti, nikajijua kuwa ninayo, na wenzangu walichoka na maringo yangu.

Nyumba ilikuwa ya Bibi yangu, Bi Kidawa, mama yake mama. Alikuwa mfupi, mweusi wa kung'aa, hatoki nje bila ya buibui lililopigwa pasi, na mtu akimuuliza kwao wapi, hujibu, "Mbweni," kisha hugeuza mazungumzo upesi kama anayegeuza chapati. Nyumba ya mbele yetu alikaa Bi Zuhra, mtu wa asili ya Kiarabu, ambaye wazee wake zamani walikuwa na shamba la mikarafuu huko Kidichi. Shamba limekwenda zamani, na watoto wake walikuwa wakiuza vipuri vya pikipiki Darajani kama watu wengine. Bibi na Bi Zuhra walikuwa mashoga wa kufa na kuzikana. Sufuria za huku zilikuwa za kule, na ugonjwa wa huyu ulimlaza na yule. Jambo moja tu hawakuwahi kulizungumza, nalo mama alinieleza siku moja akinisuka, kwa sauti ya chini ilhali tuko peke yetu: bibi yake Bibi alikuwa mtumwa katika shamba lile lile la kina Bi Zuhra. "Na ole wako nisikie umelisema," akaniambia, akanivuta nywele ili nisisahau.

Nilipokuwa darasa la sita tulipata mwalimu mpya wa historia, Mwalimu Raya, kijana mwembamba aliyetembea kama anayekimbilia boti ya asubuhi. Biashara ya utumwa alitufundisha kama inavyofundishwa, tukanukuu ubaoni, tukasahau. Lakini Mfunguo Sita wa mwaka ule akaja na kitabu kikubwa chenye picha, akakipiga mezani. "Mshasoma habari za waliouzwa," akasema. "Leo mtawasikia wenyewe wakisema." Akatusomea kwa Kiswahili alichokifasiri mwenyewe hotuba za watu weusi wa Marekani, waliozaliwa utumwani, wakatoroka au wakakombolewa, kisha wakasimama majukwaani mbele ya halaiki ya watu weupe kudai wenzao waachwe huru. Kulikuwa na mwanamke mrefu, hajui kusoma wala kuandika, na akifungua mdomo ukumbi mzima unatulia. Kulikuwa na mwanamme ambaye picha yake ilitupagawisha, nywele nyingi nyeupe zimesimama pande zote, na jicho kali linalokutazama wewe tu. Jina lake lilitushinda, tukambandika letu, Babu Nywele.

Mwalimu Raya alituambia kwamba Babu Nywele alikuwa akisema vizuri mno hata baadhi ya wasikilizaji wakakataa kwamba aliwahi kuwa mtumwa. Alizomewa, akapigwa, na akarudi tena jukwaani. Siku moja wenyeji wake walimwalika kwenye sherehe ya uhuru wa nchi yao, wakitaraji labda atawashukuru na kula keki. Yeye akawauliza mbele ya uso wao, uhuru huo wanaoushangilia unamhusu nini mtumwa. Lo! Darasa zima tulipiga meza. "Kawapa vidonge vyao!" akapiga ukelele Salma, mjukuu wa Bi Zuhra, aliyekaa na mimi dawati moja. Mwalimu Raya akacheka, akasema hotuba hiyo itasomwa siku ya wazazi, na atakayeisoma ni Rukia. Rukia ni mimi. Sikulala kwa furaha.

Nilianza mazoezi siku ile ile, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi, karatasi nimeiegemeza kwenye chungu. Mwalimu alikuwa ameianza hotuba kwa kumfanya msemaji ajitambulishe, kwamba alizaliwa mtumwa. Nikalisema jambo hilo kwa nguvu zangu zote, na hapo hapo nikasikia ukumbini, "We Rukia!"

"Naam, Bibi."

"Umesema umezaliwa nani?"

"Mtumwa, Bibi. Lakini si mimi, ni yule Babu…"

"Babu gani? Mdomo si wako?" Akaja akasimama mlangoni mwa jiko, kanga ameikaza kiunoni. "Hutolisema neno hilo mbele za watu. Nshasema."

"Bibi, hotuba tu ile."

"Wewe utasoma hotuba. Wao watasikia nasaba," akasema, na nazi ikaniishia mikononi.

Mwalimu Raya alikuja nyumbani kuniombea ruhusa. Akamwamkia Bibi, "Shikamoo, Bi Kidawa," akaitikiwa "Marahaba, mwanangu," akawekewa mkate wa kumimina na chai ya mdalasini, kwa sababu Bibi hata akitaka kugombana na mtu atamlisha kwanza. Alipokwisha kula, akaambiwa ampe kazi hiyo mtoto mwengine. "Mpe Salma wa hapo mbele. Ana kichwa kizuri." Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambazo mpaka leo nikizikumbuka masikio yananichemka. Salma akisema amezaliwa mtumwa, watu watamsifu anavyojua kuigiza. Mimi nikisema, watatazamana. Yeye aliweza kulisema kwa sababu halimgusi, na mimi nimenyimwa kwa sababu lilikuwa la kwetu! Nilivuka njia, nikamtupia Salma karatasi mapajani, nikarudi kulia kwenye mto mpaka Mama akauanika juani.

Haikupita wiki, Salma akaja kwetu na karatasi ile ile mkononi. Bibi alikuwa barazani anapeta mchele. "Bibi yangu hataki niseme," akasema Salma, na alikuwa mtoto asiyejua kusema uongo hata wa kujisaidia. Bibi akamuuliza hataki kwa nini. "Anasema ni aibu. Anasema watu watayakumbuka mambo ya shamba."

Ungo ukasimama hewani. Nilidhani Bibi atatugombeza sote wawili, lakini alianza kucheka, kicheko kikavu, kikapanda, mpaka akauweka ungo chini na kujifuta macho kwa ncha ya kanga. "Zuhra anaona aibu!" akasema. "Zuhra! Na mimi nimeibeba tangu nipate akili zangu, nadhani yangu. Bibi yangu mimi alimuiba nani? Alimuuza mtoto wa nani? Kumbe mzigo wa kina Zuhra, miye mchukuzi tu!" Kisha kicheko kikakatika. Akainuka, akavuka njia vile vile alivyo, na kanga mbili, hana buibui. Kwa Bibi, hilo lilikuwa sawa na kutoka uchi. Sisi tukamfuata mbio.

Bi Zuhra alikuwa sebuleni. Alimwona alivyokuja akasimama kwa hofu, akadhani kuna msiba. "Zuhra," Bibi akasema, "hotuba ya skuli ataisema mjukuu wangu. Na mimi na wewe tutakwenda kumsikiliza, pamoja, tukae viti vya mbele."

"Kidawa, mimi sikumtesa mtu yeyote."

"Sijasema umemtesa mtu. Nnasema utakuja."

Bi Zuhra akasogea, akampisha Bibi pa kukaa. Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nitakuja," na wote wawili wakakaa kunywa kahawa.

Siku ya wazazi walitandika turubai uwanjani, wakapanga viti, na kina mama wakajaa wakijipepea kwa vipepeo vya ukili na vitambaa. Nilimwona Bibi mbele na vikuba vya asumini kifuani, na Bi Zuhra ubavuni mwake, ameshika mkoba kama mtu anayengojea kuitwa kwa daktari. Nilipoitwa jukwaani, nilipanda na karatasi mkononi. Nikafungua mdomo. Sikuwahi kusimama mbele za watu isipokuwa kwenye maulidi, na mwili wangu ukafanya kile kilekile ulichokijua. Ukavuta pumzi ya chuoni, na hotuba ya Babu Nywele ikanitoka kwa mahadhi ya maulidi. Ya Rabi! Nilijisikia nikiimba. Mwalimu Raya alijishika shavu. Wasichana wa nyuma walipaliwa na vicheko. Lakini ukishaanza mahadhi huwezi kuyaacha katikati, na tena nikaona yanakubali. Pale anapoeleza kuzaliwa kwake sauti ilishuka yenyewe, pale anapoeleza minyororo ikavutika, na kina mama wa mbele wakaanza kuyumba kidogo kidogo. Basi nilipofika pale anapowauliza wenyeji wake uhuru wao unamhusu nini mtumwa, sikujua njia nyengine ya kulisema jambo zito. Nikaipandisha sauti kama ya kisimamo.

Bibi akasimama. Nadhani miguu ndiyo iliyosikia, si yeye. Nyuma yake viti vikalia, na kina mama wote wakainuka, na watoto, na mwalimu mkuu pia, akitazama huku na huku asijue kasimamia nini. "Astaghfirullah!" mwanamke mmoja akasema. "Jamani, hii si maulidi! Kaeni!" Watu wakaanza kucheka kwa haya, wengine wakatafuta viti vyao. Mimi nikanyamaza, nikatamani ardhi ipasuke.

"Miye nshasimama," Bibi akasema. "Sikai." Akawageukia watu. Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuniita jikoni. "Bibi yangu mimi alikuwa mtumwa. Shamba la Kidichi. Akiitwa Faida, jina walilompa wao, na jina la kwao hatukuachiwa. Mnayemsikia hapo juu ni kilembwe wake." Uwanja mzima ulimtazama Bi Zuhra, maana Mji Mkongwe hakuna asiyejua shamba la nani lilikuwa wapi. Angeweza kukaa kitako. Angeweza kuondoka, na kesho wangesema anaumwa. Alimshika Bibi mkono, akasema kwa sauti ya kusikika, "Ndivyo. Shamba letu." Hapo pakatoka kigelegele, cha kwanza sijui cha nani, halafu havikuhesabika. Bibi akaninyoshea kidole. "Haya, malizia." Nikaimalizia yote kwa mahadhi yale yale, na hakuna aliyekaa mpaka neno la mwisho. Sina hakika kama Babu Nywele mwenyewe aliwahi kusimamiwa hivyo.

Mtaa ulisema, haukosi kusema. Lakini kabla mwezi haujaandama, mwanamke mmoja wa mtaa wa Malindi alikuja barazani kwetu, akanong'ona kwamba na yeye bibi yake alikuwa mtu wa shamba. Bibi akamwambia, "Sema kwa sauti, hapa hakuna mgonjwa." Wakaja wengine. Wakinywa kahawa, wakitaja majina, wakicheka, wakilia, na Bi Zuhra akikaa papo hapo akiwakumbusha shamba gani lilikuwa la nani. Miaka hiyo ndiyo niliyomwona Bibi akitembea kichwa juu, na akiulizwa kwao wapi, anajibu mpaka muulizaji anachoka.

Leo wote wawili wamekwenda mbele ya haki. Njia yetu imejaa nyumba za wageni, na watembezaji hupita wakiwaeleza watalii habari za utumwa kwa lugha za kila aina, na zamani nilikuwa nikijiuliza mbona wageni wanaambiwa waziwazi mambo tuliyonong'onezwa sisi wenyewe. Siku hizi sijiulizi, maana na sisi tunayasema. Wiki iliyopita binti yangu alipewa kazi ya skuli ya kuchora ukoo wetu. Akatoa kichwa dirishani, njia imejaa watu, akamwita Salma ambaye bado anakaa nyumba ile ya mbele. "Khalati Salma! Mwenye shamba alilokuwamo Bibi Faida alikuwa nani yenu?"

Mkono wangu, mimi niliyesoma hotuba ile, ulikwenda wenyewe kumziba mdomo.

"Babu yake Bibi Zuhra!" Salma akajibu kwa sauti ya juu vile vile. "Mwandike kwa jina lake kamili, nnakuja kukutajia! Usimfiche!"

Chini, muuza kahawa aliendelea kugonganisha vikombe vyake, na wapitao wakapita. Binti yangu alikaa chini, akamwandika Faida juu kabisa ya karatasi, kwa herufi kubwa kuliko za wote, kisha akanitazama akashangaa. "Mama, unalia nini? Si bibi yetu huyu?"

"Bibi yetu," nikamwambia.