Hodi ya Bomba la Madale

Bomba la Madale halibishi hodi tena. Maji yanapita chini ya mtelemko kimya kimya, na waliohamia karibuni hawajui kwamba palikuwa na sauti hapo.

Valerian anajua. Alipokuwa mfungulia maji wa mtaa, kazi yake ilikuwa kufunga koki ya bondeni ili maji ya tangi la kilimani yageukie nyumba za juu. Aliusukuma mpini mara moja, na bomba likajibu kwa kishindo kilichopanda mtelemko mzima: ngo, ngo, ngo. Watu wa juu walikiita hodi. Bi Tunu, aliyeishi peke yake kando ya bomba, aliitikia "Karibu" kutoka jikoni, kisha akatoa ndoo zake. Macho yalikuwa yameingia ukungu. Alibaki kutegemea masikio.

Kisha maungio yakaanza kuvuja. Kamati ya maji ikamleta mhandisi, Herieth, ambaye alipima bomba, akaingiza vipimo kwenye kompyuta, akamwonyesha Valerian mstari uliochomoza ghafla kama mwiba.

"Hapa ndipo unapofunga, baba. Maji yanashuka mbio, wewe unayabamizia mlango usoni. Yakikosa pa kwenda, nguvu inarudi juu ndani ya bomba."

"Kumbe ile hodi..."

"Si hodi. Ni kama bomba linapigwa nyundo kwa ndani. Funga taratibu, mpaka nilete tungi la hewa la kupokea hicho kishindo."

Alimwelewa vizuri. Akawa anausogeza mpini kidogo, anatulia, anausogeza tena. Bomba likanyamaza. Na Bi Tunu akaanza kukosa maji, maana yalikuja na kukatika yeye akiwa ndani, hana habari.

"Valeri, siku hizi maji yako yanaingia kama mgoni," alimwambia alipokuwa akipita mbele ya baraza yake. "Hata hodi hayabishi."

"Shikamoo, Bi Tunu. Mhandisi kasema tufunge polepole."

"Marahaba. Na huyo mhandisi atakuja kunichotea? Nyie watu wa Masasi bwana, mkipewa amri hata ustaarabu mnausahau."

Walicheka wote wawili, lakini neno lile lilimkaa moyoni. Kutoka kwenye koki hadi kwa Bi Tunu ni mwendo wa mtu kumaliza embe moja. Angeweza kupanda na kumgongea mlango kwa mkono wake. Wazo hilo halikumjia. Asubuhi iliyofuata aliusukuma mpini mara moja, kwa ajili ya bibi yule tu.

Hodi ikapanda. Valerian akatabasamu. Kisha ikakatika katikati.

Bomba lilipasuka chini ya ukuta wa jiko la Bi Tunu. Maji yalikomba udongo wa mtelemko, jiko likaanguka, na chumba cha kulala kikalifuata. Valerian alimkuta amesimama uani, mzima, ndoo mkononi.

"Nimeisikia, Valeri," alisema kwa upole. "Nikaitikia."

Laiti angemtukana. Jioni, Jabiri, mwana wa Bi Tunu, alikuja kumchukua akampeleka Kawe, na nyumba ile haikujengwa tena. Herieth alifunga tungi lake la hewa; limefanya kazi kama alivyosema.

Valerian sasa ni mlinzi wa duka la vifaa vya ujenzi huko Bunju.