Nyasi Zilizolala

Mama yangu alikufa akiwa anasikia baridi, na mimi ni mwalimu wa fizikia. Nasema wazi kwa sababu nimechoka kusifiwa kwamba nilimjengea nyumba nzuri.

Nyumba yake ya zamani, kule jirani na Rubya, ilikuwa msonge ulioezekwa kwa nyasi hadi chini. Ulipoanza kuvuja niliubomoa, nikamjengea ya tofali na bati. Mchana bati lilichoma, alfajiri baridi ilishuka moja kwa moja kitandani. Mama hakulalamika. Alivaa sweta mbili na kuniuliza habari za shule.

Nikasoma kuhusu sufi ya kioo, ile inayotandikwa darini. Kila robota lina namba yake: namba ikiwa kubwa, joto hupita kwa shida, na unene ukiongezeka namba nayo hupanda. Fundi alipima nafasi iliyokuwepo, akasema tabaka moja linatosha, la pili halina pa kukaa. Nikambishia. Mimi nifundishwe joto na fundi! Nikanunua mara mbili, nikashindilia kwa mikono yangu, kisha juu yake nikalaza milango ya mbao iliyobaki kwenye ule msonge ili isiinuke. Nilishuka ngazi nikijumlisha namba zile mbili kichwani.

Masika yalipofika Mama alinipigia simu huku Kitendaguro ninakofundisha.

"Mwana wange, humu bado kuna baridi."

"Haiwezekani, Mama," nikamwambia, na nikamtajia namba.

"Sawa, mwanangu. Labda ni mimi, uzee huu."

Hakulitaja tena jambo hilo. Mwaka uleule alifariki. Daktari alisema ni moyo, nami namwamini. Lakini kitandani tulikuta mablanketi manne, na kanga zake zote za kanisani zimetandazwa juu yake. Nililia kwa hasira, sikujua namkasirikia nani.

Matanga yalipoisha, mimi na dada yangu tulisafisha jiko lake la nje. Humo Mama aliendelea kutandika nyasi sakafuni, kama zamani kwenye msonge. Dada aliziinua mafungu mafungu, akazitikisa, akazitandika upya.

"Si uzitupe tu?" nikamuuliza.

"Bado nzima. Zimelala tu. Umesahau? Nyasi zikilala hazina joto."

Hayo yalikuwa maneno ya Mama. Tukiwa wadogo alitutikisisha nyasi kila asubuhi kabla ya shule, nami nilinung'unika kila asubuhi. Kinachozuia joto ni hewa iliyotulia katikati ya nyasi. Kila mwaka nafundisha jambo hilo ubaoni, na wanafunzi wakilikosea kwenye mtihani nawagombeza. Darini kwa Mama niliikamua hewa yote kwa mikono hii.

Nikachukua ngazi, nikapanda. Nilipoondoa milango, sufi ilikuwa nyembamba kama blanketi la bweni. Nikaitikisa kipande kwa kipande, kama alivyotufundisha, nayo ikaanza kuumuka polepole. Nikaitandika tabaka moja, kama fundi alivyosema. Iliyobaki niliishusha.

Chumba cha Mama sasa kina joto. Dada anaweka maharage humo.