Macho Makavu ya Mkamwana Wangu

Sidonie wa chama chetu cha wanawake wa Saint-Gilles, hapa Brussels, ananisumbua tangu Pasaka. Anataka kila mama aandike maisha ya mtu mmoja wa kawaida, asiwe waziri wala mwimbaji, yatiwe kwenye kijitabu. Nimemwambia nilisoma miaka mitatu tu kwa masista wa Bukavu na kalamu naishika kama mwiko. Akasema, "Andika vile unavyoongea, maman." Kuongea ninaongea bila shida, kwa nini nihangaike na karatasi? Lakini ameleta daftari mara mbili. La kwanza nililimaliza kwa kuandika vitu vya soko. Bon. Nitaandika mara moja, na asije mtu kunisahihisha.

Mtu wangu ni Jémima, mke wa mwanangu Rigobert. Ni mfupi, anapenda chai ya moto sana, hapendi kelele. Tunakaa wote nyumba moja, ghorofa ya tatu, mimi chumba cha nyuma.

Kazi yake iko upande wa Schuman. Wakubwa wa ofisi wanasema maneno yao kwenye kaseti. Yeye anavaa vile vya masikioni, anakanyaga kitu chini ya meza, kaseti inazunguka, na vidole vyake vinaandika kwenye kompyuta yale anayosikia. Saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni. Niliwahi kumpelekea ufunguo huko. Dirisha lake halifunguki, na chini yake chombo cha joto kinawaka miezi saba ya mwaka. Kile kioo cha kompyuta wamekiweka juu ya vitabu vinene, anakitazama kama mtu anayetazama sanamu ya Bikira kanisani. Nilisimama pale muda mrefu sikuona kope zake zikishuka. Nikafikiri ndiyo heshima ya kazi.

Jioni akirudi ananawa maji baridi, halafu anakaa jikoni bila taa.

"Macho yanawaka, maman. Ni kama kuko muchanga ndani."

"Mimi nimepika na kuni miaka arobaini," nilimjibu. "Moshi wote ulipita machoni mwangu. Ulinisikia nikilalamika?"

Akachemsha chai yake. Hajibu wakubwa, hilo siwezi kumnyima.

Sasa, mwaka jana, mwezi wa pili, mume wangu alikufa Bukavu. Alikataa kuja huku kwa sababu ya baridi, na mimi nilikuja bila yeye kwa sababu ya wajukuu. Simu ililia siku ya Jumanne mchana. Kufika jioni, viti vya majirani wote vilikuwa kwetu, na wamama wamekaa chini kwenye mikeka.

Kwetu mkamwana ana kazi yake kwenye msiba. Anaingia mlangoni akimlilia baba mkwe wake kwa jina, na wamama wanamtazama usoni. Siku ya kumaliza matanga ni yeye anayepika, na wakubwa wa ukoo wanapokea sahani ya kwanza kutoka mkononi mwake. Asiyelia hapiki. Na asiyepika siku hiyo, watu watasema mpaka siku ya kufa kwake kwamba alikuwa mgeni tu nyumbani kwa mumewe.

Jémima aliingia saa moja, na koti la kazi bado mwilini. Sauti ilitoka, jina alilitaja vizuri. Lakini macho yalikuwa mekundu kama ya mlevi, na mashavu makavu. Mathilde, dada ya marehemu, alinyanyuka kwenye mkeka, akapitisha kidole kwenye shavu lake, akakionyesha kwa watu wote.

"Muone. Hata tone moja!"

"Nalia, tantine," Jémima akasema. "Nalia kabisa. Maji njo inakataa kutoka."

"Inakataa? Kwani iko na bosi wake? Mupeni kitunguu uyu, tuende mbele!"

Wamama wengine walicheka ndani ya vitenge. Mimi sikucheka. Nilimwangalia, nikasema mbele ya wote kwamba chakula cha kumaliza matanga hatapika yeye, na akipika sitakula. Mimi nikisema neno silirudishi. Ndivyo nilivyo, na Rigobert anajua.

Alikwenda kujaribu kitunguu kweli. Nilimkuta jikoni kesho yake, kimekatwa vipande viwili, amekiinamia. Macho yakazidi wekundu, maji hapana. Nilichukua kile kitunguu nikakitia kwenye mchuzi.

Ofisi ilimpa siku moja ya msiba, Alhamisi akarudi kwenye kioo chake. Asubuhi ya Ijumaa kope hazikufunguka. Rigobert alikuwa amekwenda kazini kabla ya jua. Akaja mlangoni kwangu akipapasa ukuta.

"Maman, unisindikize kwa munganga. Mwangaza unanichoma, siwezi ona tramu."

"Sisemi na wewe."

"Usiseme, maman. Unishike mukono tu."

Basi nikamshika mkono bila kusema. Tulipanda tramu ya quatre-vingt-un, namba themanini na moja, mpaka Flagey, mimi nikiangalia dirishani upande wangu.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye nywele fupi. Alimfungua kope, akamtazama kwa taa ndogo, halafu akatoa vijikaratasi vyembamba kama utepe, vyenye mistari na namba. Akakikunja kimoja ncha, akakitundika ndani ya kope ya chini ya Jémima. Dakika tano. Akaeleza kwamba macho mazima hulowesha karatasi mpaka kumi na tano au zaidi. Ile ya Jémima ililowa mpaka tatu, ikasimama hapo.

"Madame, macho yako yamekauka," akasema. "Kioo kile unakitazama bila kupepesa macho, na ule moto chini ya dirisha unamalizia maji kidogo yaliyobaki."

Nikamwambia anitundikie na mimi.

"Vous aussi, madame? Na wewe una tatizo?"

"Sina tatizo lolote. Weka."

Nilikuwa nimelia siku nne. Karatasi yangu ililowa mpaka ishirini na mbili, na dakika tano hazijaisha. Nikaomba zote mbili, nikazifunga kwenye kitambaa changu cha mkononi, upande mmoja yangu, upande mwingine yake. Daktari akamwandikia machozi ya chupa, tone moja kila jicho mara nne kwa siku. Akamwambia atoe vile vitabu chini ya kompyuta ili macho yashuke, aweke bakuli la maji karibu na joto, na mara kwa mara aache kazi, atazame mbali, apepese.

Jumamosi, siku ya kumaliza matanga, niliingia jikoni alfajiri, nikaweka sufuria ya sombe, majani ya muhogo, mbele ya Jémima.

"Maman, si ulisema…"

"Sisemi na wewe. Pika."

Watu walipojaa, alitoka na sahani. Mathilde, ambaye huniita yaya, yaani dada mkubwa, akaweka mikono nyuma. "Mimi sili ya uyu. Weye mwenyewe, yaya, ulikataza."

Nilifungua kitambaa juu ya meza. Nikamwambia mwenye kujua namba asome. Yangu ishirini na mbili, yake tatu, na wote tulikuwa tunalia.

"Karatasi ya muzungu itajua nini juu ya kilio?" Mathilde akasema.

"Basi mimi ninajua." Nikapokea sahani mkononi mwa Jémima, nikala ugali na sombe mpaka nikaimaliza, wote wamesimama. Chumvi ilizidi, sikusema. Mathilde alikaa kidogo, halafu naye akanyoosha mkono.

Samahani sikuomba. Sijui kuomba, na Jémima hakudai. Lakini Jumatatu ile, saa nne asubuhi, nilipiga simu ya ofisini kwake. Ikalia mara mbili, nikakata. Saa tisa tena. Jioni akaniuliza kama ni mimi. Nikamwambia ikilia mara mbili aache kaseti, aangalie miti ya nje, apepese macho mpaka ishirini. Tangu siku ile sijakosa hata siku moja ya kazi, hata nilipokuwa na homa. Mwezi uliopita tulipata habari ya kifo cha shangazi yake wa Goma. Nilitazama mashavu yake. Yalilowa.

Sasa mwezi wa saba nakwenda Bukavu wiki tatu, kuweka msalaba kwenye kaburi la mzee. Rigobert hawezi, kazini kwake hakuna simu. Kwa hiyo wewe uliyesoma mpaka hapa, namba iko kwa Sidonie. Nenda ukaichukue. Saa nne na saa tisa, Jumatatu mpaka Ijumaa. Iache ilie mara mbili, kisha ukate. Usiongee naye, atapoteza wakati.