Upepo Kwenye Klachi

Mimi ni fundi magari, na uongo wa mafundi naujua: "Njoo kesho." Nimewaambia wateja wangapi, wala sioni haya. Lakini kumwambia binti yangu wa kumzaa, siku tatu mfululizo, hapo nilijionea aibu.

Gari ni lake. Pedali ya klachi ilizama mpaka chini, gia zikagoma kuingia. Pampu ya juu na ya chini zote zilikuwa zinavuja. Kazi ya asubuhi moja tu! Ila gari likipona, binti anakwenda kuanza kazi mji wa mbali, nami nabaki na vyumba vitatu na redio. Mama yake tulimzika mwaka juzi. Basi nikasingizia vipuri havijafika. Jirani yangu mchomeleaji akanicheka, "Fundi, hivyo vipuri vinakuja kwa miguu?" Nikamwambia ashike lake.

Siku ya nne binti akavikuta kwenye droo yangu, vimo ndani ya boksi. Hakugomba. Afadhali angegomba! Alisema tu, "Baba, Jumatatu natakiwa kazini."

Nikafunga pampu mpya zote mbili. Ikabaki kutoa upepo ulioingia kwenye oili ya klachi, na hiyo si kazi ya mtu mmoja: mmoja anakanyaga pedali, mwenzake yuko chini ya gari, anafungua na kufunga skrubu ya kutolea upepo. Binti akakaa kwenye usukani, nikajitosa chini.

"Kanyaga! Shikilia!" Nafungua skrubu, oili inatoka na mapovu, nafunga. "Achia!" Tukaenda hivyo mara nane, tisa, mapovu yakaisha.

Nikasema tena, "Shikilia." Nikafungua skrubu, kisha nikanyamaza. Akiachia pedali skrubu ikiwa wazi, klachi inanyonya upepo upya, na gari halifiki popote. Sikuhitaji kufanya lolote. Nililala pale chini, machozi yananiingia masikioni.

"Baba," akaita, "mguu unatetemeka. Niachie?"

Jamani, mtoto anaomba ruhusa hivyo, unamjibu nini?

Nikaifunga skrubu, nikaikaza kwa nguvu zangu zote. "Achia, mama. Achia."

Mchana akaondoka. Nikasimama kando ya barabara nikisikiliza gia: ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zinaingia laini kabisa. Mchomeleaji akanipiga bega, "Fundi, unaisikilizia kazi yako, eh?"

Nikaitikia kwa kichwa. Nilikuwa naomba gia moja ikwaruze.