Mahindi ya Baba kwenye Mteremko

Siku niliyokaribia kumuua baba yangu kwa gari nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, mama wa watoto wawili. Watu wakiniuliza nasema ilikuwa ajali. Hapa nitasema ukweli.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa. Magari yaliyotumika yalikuwa yanaingia Arusha kutoka Japani, nami nikajikakamua nikapata moja, si kubwa sana si dogo, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Sikulinunua libebe mazao. Ila baba aliposikia tu, akatafuta tela. Alilima mahindi juu ya Kikatiti, kwenye miteremko ya Meru, na sasa hakulazimika tena kuuzia chama cha ushirika. Mnunuzi yeyote angeweza kuja na lori, lakini lori liliishia barabara kuu. Kuyateremsha mahindi ikawa kazi yangu.

Fundi wa Kimandolu aliyenichomelea chuma cha kufungia tela alinionya. "Dada, uzito ukae mbele kidogo ya matairi ya tela. Ukikaa nyuma, tela litaanza kuyumba, na likianza hulizuii."

Nikamweleza baba baada ya shikamoo. Mzee alikuwa ameendesha mkokoteni wa ng'ombe maisha yake yote, na kwenye mkokoteni wetu mzigo hurudishwa nyuma ili nira isiwalemee ng'ombe shingoni. Akawaamuru wapakiaji wawili wasukume magunia yote mpaka nyuma.

"Baba, gari si ng'ombe."

"Kinachovuta kina shingo," akasema. "Usinifundishe kupakia, wewe."

Nikapanda kwenye tela, nikaanza kuburuta gunia kuelekea mbele mwenyewe. Fimbo ikanipata mgongoni, ya pili kwenye kiwiko. Mkono wote ukafa ganzi, lakini sikutoa sauti. Baba alitupiga sote utotoni, alimpiga mama, alipiga ng'ombe, kwa hiyo fimbo haikunishangaza. Kilichoniunguza ni wale wapakiaji kucheka, mimi mke wa mtu na ofisi yangu mjini. Nikaruka chini, nikampokonya ile fimbo, nikaivunja juu ya goti.

Kwetu mtoto hagusi fimbo ya baba yake, sembuse kuivunja. Wapakiaji wakaacha kucheka. Baba akatazama vile vipande, akavitemea mate, kisha akapanda juu ya magunia, nyuma kabisa, kama alivyozoea kwenye mkokoteni. Akashika kamba. "Endesha."

Ningeweza kumwambia ashuke. Ningeweza kukataa kuondoka. Nikasema moyoni, haya mzee, leo utanijua, nikawasha gari.

Kona ya kwanza niliipita bila kugusa breki. Kwenye kioo nilimwona akirushwarushwa, kofia imekwenda, meno yameuma mdomo. Nilifurahi. Naona aibu kuandika hivyo, lakini nilifurahi, na nikaongeza mafuta.

Kabla ya kona ya pili usukani ukawa mwepesi mikononi, kana kwamba magurudumu ya mbele hayagusi ardhi. Tela likavuta kushoto, likavuta kulia, kila mara kwa nguvu zaidi. Hapo hasira yote ikanitoka, nikabaki na woga mtupu. Nikakanyaga breki, na hilo ndilo lililotumaliza. Tela likaligeuza gari ubavu, likalibamiza kwenye ukingo wa barabara. Pua yangu ikavunjikia kwenye usukani.

Nilitoka nikiwa nameza damu. Magunia yalikuwa yamepasuka barabara nzima. Baba alikuwa mtaroni, gunia limemlalia paja, na chini ya goti mfupa ulikuwa umetoboa suruali. Macho yalikuwa wazi. Kuku wa nyumba ya jirani walishafika wakidonoa mahindi karibu na mguu wake, na mahindi yenyewe yalikuwa na damu. Nikampiga kuku mmoja teke akaruka hadi kwenye migomba. Nikawakimbiza wote nikipiga mayowe, badala ya kuliondoa lile gunia.

Wapakiaji ndio waliokuja mbio wakaliondoa. Wakambeba hadi barabara kuu, na lori la mnunuzi lililokuwa likingoja huko likatupeleka hospitali.

Ndugu walipokuja wodini, baba aliwaambia breki zilikataa. Siku ya tatu tulibaki wawili. Nilikuwa namlisha uji, nikaweka kijiko chini.

"Baba, breki zilikuwa nzima. Nilikanyaga mafuta makusudi."

"Najua. Tangu ile kona ya kwanza nilijua unaniua."

"Sasa mbona hukupiga kelele nisimame?"

Akanigeukia, mguu wake ukiwa umening'inizwa kwa kamba.

"Wewe nilipokuchapa, ulipiga kelele?"

Nikachukua kijiko, nikaendelea kumlisha. Sikumwomba msamaha, naye hakuniomba, na miaka kadhaa baadaye tulimzika hivyo hivyo.