Kioo cha Tangi la Sita

Shangazi yangu, dada yake baba, amefuta vioo vya matangi kwenye nyumba ya maonyesho ya samaki kwa miaka ishirini na mbili, na miaka yote hiyo amegombana na pua za watu. "Kioo ni cha kuangalia, si cha kubusu!" huwafokea wageni, kisha anafuta alama za pua na za vipaji vya nyuso huku akisonya. Mimi nakata tiketi mlangoni, na nakuapia, sauti yake husikika mpaka barabarani.

Tangi la sita tu ndilo lisilompa kazi. Ndani mna mwani, mawe mawili, na samaki mmoja mwembamba kama kidole, rangi yake ya mwani, ngozi yake imechanikachanika kama majani. Husimama wima katikati ya mwani na kuyumba nao. Wageni hutupa jicho, husema "hili halina kitu," wanapita. Kioo hukaa safi wiki nzima. Ungedhani shangazi angefurahi. Wapi! Usafi ule ulimuuma kuliko pua zote za dunia.

Samaki huyo shangazi alimpa jina la Mpangaji, kwa sababu anakula, analala, na hana habari na mtu. Mwezi ule alipoletwa, shangazi alipunguza mwani uliozidi, akautia ndooni, akaenda kuutupa. Kidogo tu amwage, akaona jani moja linamkodolea jicho. Tangu siku hiyo hupekua kila ndoo, jani kwa jani, kama anayechambua mchele wa wageni.

Ndipo akaja meneja mpya na karatasi yake. Alisimama mbele ya tangi la sita dakika nzima, kwa hilo namsifu, kisha akaandika: tupu. Jumatatu limwagwe, liwekwe samaki wekundu.

"Bosi, humo mna mtu," shangazi akamwambia.

"Mama, mimi macho ninayo."

"Macho kila mtu anayo, baba. Kuona ndiyo shughuli."

Bosi akacheka, simu ikaita, akaondoka. Hakurudi ukumbini tena wiki ile. Shangazi hakugusa chakula chake cha mchana. Nikamshauri amvue Mpangaji kwa wavu, ampeleke ofisini kwenye ndoo, wamalizane. Akanitazama kama niliyetukana. Mara ya mwisho alipoguswa na wavu, samaki yule alisusa chakula siku tisa. "Na safari hii akisusa mpaka ya kumi, nitamwambia nini?" akaniuliza.

Jumatatu fundi akaja na mpira wa kunyonya maji. Meneja naye akaja kusimamia. Shangazi alikuwa ameshafika, kitambaa begani.

"Nipe dakika moja tu, bosi. Ukiona hamna, nitashika mpira mwenyewe."

Akainama, akazima pampu.

Maji yakatulia. Mwani ukatulia. Jani moja likaendelea kuyumba, kushoto, kulia, kama mtu anayecheza muziki uliozimwa kitambo. Kumbe hivyo ndivyo shangazi alivyomtafuta kila asubuhi kabla ya kutia mkono majini, na mimi miaka yote nilidhani ana macho ya ajabu.

"Lo!" meneja akasema. Akasogea. Akasogea tena, mpaka pua ikagota kiooni. Jicho dogo ndani ya jani likageuka, likamtazama. "Huyu alikuwa humu siku zote?"

"Mwaka wa tatu huu."

Nilisubiri ile kelele ya kubusu kioo. Haikuja. Nampenda shangazi yangu siku zote, lakini dakika ile nilitamani nimkumbatie mbele ya watu.

Fundi akaambiwa akunje mpira wake, wakaondoka. Kiooni pakabaki paji la uso, na chini yake pua, nene, yenye mafuta. Shangazi akawasha pampu, akachukua kitambaa. Akafuta tangi la tano. Akapita. Akafuta la saba.